Nilimgawia binti yangu ini. Sasa hataki nimkumbushe dawa

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Nakuandikia kuhusu binti yangu wa kwanza, nimwite Zuhura. Ana miaka 18, amemaliza kidato cha sita na amechaguliwa kwenda chuo Dodoma. Watu wanakuja kutupongeza, mimi silali.

Zuhura alizaliwa salama, lakini wiki chache baadaye macho yakawa ya manjano na choo chake kikapauka kabisa. Tuliambiwa ni manjano ya watoto wachanga, nimwanike jua la asubuhi litamwishia. Alipofika miezi minne ndipo tukaelezwa kuwa mirija ya nyongo imeziba na ini limeshaharibika. Ndugu, majirani, watu wa msikitini na wa kazini kwa mume wangu walichanga, tukasafiri hadi Delhi. Alikuwa na miezi 14, tumbo limejaa maji, mikono imebaki mifupa. Nilipimwa nikafaa. Wakakata kipande cha ini langu wakampandikiza.

Tangu siku hiyo dawa zake ziko mikononi mwangu. Saa moja asubuhi na saa moja usiku, namwita, nampa, namwangalia anameza. Sikumpeleka shule ya bweni, amesoma kutwa mpaka kidato cha sita kwa ajili ya hizo dawa. Lakini mwaka wa mwisho masomo yalimzidi, akawa anazichukua mwenyewe chumbani.

Kipimo cha mwisho kilionyesha kiwango cha dawa kwenye damu kimeshuka sana. Daktari akauliza kama anameza, nikajibu anameza. Siku nyingine nafagia chumba chake nikakuta vidonge nyuma ya kabati. Nilipomuuliza akasema, “Mama, mimi si mgonjwa. Nimechoka kuwa mgonjwa wako.” Baadaye mdogo wake akanieleza kuwa Ramadhani iliyopita dada yake alifunga siku kadhaa kwa siri.

Mama mkwe wangu naye anasema mtoto alishapona miaka yote hiyo, sisi tunamjaza sumu tu. Amemchemshia mwarobaini, amemletea na habasoda. Mume wangu anasema nimwache akue.

Nimefikiria kupanga chumba Dodoma nikae naye walau mwaka wa kwanza, hawa wadogo wabaki na baba yao. Nifanye hivyo, Anti? Je, ipo siku ataacha hizi dawa? Na kuna jambo nashindwa kumuuliza daktari wakati Zuhura amekaa pale: ataolewa, atazaa?

Mimi mwenyewe sijambo. Kovu tu hunivuta nikiinua ndoo, si neno.

Nilimpa sehemu ya mwili wangu, Anti. Siwezi kukaa nikaangalia inatupwa nyuma ya kabati.

Mama Zuhura, Tanga

JIBU

Marahaba, Mama Zuhura, na hongera. Mtoto aliyefika Delhi amebaki mifupa leo anakwenda chuo kikuu. Kazi hiyo umeifanya wewe.

La chumba nalijibu kwanza kwa sababu muda unakimbia. Usihamie Dodoma. Ukihamia, kiwango cha dawa kitapanda kwa sababu utakuwa unamsimamia, na mwaka unaofuata utarudi Tanga ukimwacha na miaka 19, bado hajui kujiagizia dawa wala kuongea na daktari. Miezi hii iliyobaki kabla chuo hakijafungua ndiyo ya kumkabidhi, akiwa bado nyumbani, ambako akikosea upo na mnarekebisha.

Nimeisoma barua yako nikimtafuta Zuhura. Yumo kila mahali, lakini mambo aliyoyafanya kwa uamuzi wake mwenyewe ni mawili tu: kutupa vidonge na kufunga kwa siri. Daktari alipouliza kama anameza, ulijibu wewe. Nimekuwa muuguzi wa wodi ya watoto kabla ya kuandika safu hii, na nimewaona kina mama wengi wa aina yako, wale ambao watoto wao wako hai kwa sababu mama hakusinzia. Uangalizi huohuo, mtoto akishavunja ungo, huanza kumfanya aone ugonjwa ni mali ya mama.

Wala usidhani binti yako ni mkaidi kuliko wengine. Hospitali zote zinazofuatilia watoto waliopandikizwa ini, iwe India, Uingereza au Marekani, zinauogopa umri huu wa kuanzia ujana hadi miaka ya ishirini na kitu. Mtoto amevuka upasuaji, amevuka mwaka wa kwanza ambao kwenye vituo vyenye uzoefu zaidi ya watoto 9 katika 10 huuvuka, amekua, kisha anaanza kuruka dozi. Wengine wamechoka tu. Wengine dawa zinawatetemesha mikono au zinawavimbisha uso, na msichana wa miaka 18 anajitazama kwenye kioo. Wengine hawataki mwenzao wa chumba awaone wakimeza kitu kila siku. Ndiyo maana madaktari hawaangalii kipimo kimoja tu cha takrolimasi, ile dawa inayoizuia kinga ya mwili isilikatae ini. Wanavipanga kadhaa waone kama kiwango kinapanda na kushuka ovyo. Kikiyumba hivyo, mara nyingi kuna dozi zinazorukwa.

Shida ni kwamba mwili unapoanza kulikataa ini, hauumi. Zuhura anaweza kukimbia, kucheka, kufaulu mtihani, huku vimeng'enya vya ini vikipanda kwenye damu bila yeye kuhisi chochote. Macho yakija kuwa manjano, siku nyingi zimeshapotea. Kwa hiyo anaposema “mimi si mgonjwa” anasema kweli, na kinachomfanya aweze kuisema kweli hiyo ni zile kapsuli za saa moja na saa moja. Mweleze hivyo. Usimwambie atakufa, alishaambiwa tangu akiwa mdogo na neno hilo limeshachuja.

Kwa mama mkwe, mjibu kwa heshima lakini usimpe nafasi. Kinga ya mwili haizoei ini la mtu mwingine kwa sababu miaka imepita. Ini la Zuhura linaonekana limepona kwa kuwa dawa inaizuia kinga isilishambulie. Umeuliza kama ataacha siku moja. Wapo wachache, hasa waliopandikizwa wakiwa watoto, waliopunguziwa dawa kidogo kidogo mpaka zikaisha na ini likabaki zima. Walichaguliwa na madaktari, wakachukuliwa kinyama cha ini kikapimwa, wakapimwa damu mara kwa mara, na hata hivyo wengi waliojaribu ilibidi warudishiwe dawa. Anayetupa vidonge nyuma ya kabati hana hata kimoja cha vipimo hivyo, kwa hiyo mpango wenu uwe wa dawa za maisha. Na mwarobaini uishe, na habasoda kama dawa iishe pia. Hakuna aliyepima kikombe cha bibi kinafanya nini kikikutana na takrolimasi, na miti shamba mingine huliumiza ini lenyewe. Bibi akitaka kumwonyesha mjukuu mapenzi, amsaidie nauli.

Sasa nikuambie jambo ambalo pengine mume wako amelikwepa. Umeandika kwamba ulimpa sehemu ya mwili wako na huwezi kuiona ikitupwa. Naamini Zuhura amelisikia hilo hata kama hujalitamka mbele yake. Mtoto aliyekatiwa kipande cha mama yake huona kila kidonge ni rejesho la mkopo ambao hauishi, na mtu hukimbia mkopo wa namna hiyo. Ini lako wewe lilikua likajaza pengo lake miezi michache baada ya upasuaji. Kile kipande kimekua pamoja naye, kikapanuka kadiri kifua na tumbo lake vilivyopanuka, na leo ni ini zima la msichana wa miaka 18. Ni lake. Mwambie mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, mkiwa mnachambua mchele au mnaanua nguo: ini ni lako, hunidai na sikudai. Kisha usilirudie, wala usilitumie tena kwenye ugomvi.

Makabidhiano yaanzie kliniki. Safari ijayo aingie peke yake nusu ya kwanza, wewe ukae kwenye benchi nje. Amwambie daktari mwenyewe kuhusu vidonge vilivyotupwa, wewe usimchongee. Daktari mzuri hatamfokea, atamuuliza kinachomshinda, na pengine lipo la kubadilisha. Ipo takrolimasi ya kumezwa mara moja kwa siku, na kwa mwanafunzi kuondoa dozi ya jioni ni nafuu kubwa. Akibadilishiwa aina, au duka la dawa likimpa ya kiwanda kingine, apimwe kiwango upya, maana hazifanani zote mwilini. Na ajue siri ya kipimo hicho: damu hutolewa kabla hajameza dozi ya asubuhi. Akimeza kwanza, jibu litatoka juu na daktari atadanganyika.

Muulize kwa upole kama anajua majina ya dawa zake, miligramu ngapi, na kila moja inafanya nini. Wengi wa umri wake wanajua rangi tu. Aandike mwenyewe nusu ukurasa: ugonjwa aliozaliwa nao, mwaka na mji aliopandikizwa, nani alimtolea, dawa na dozi za sasa, namba ya simu ya daktari wake. Apige picha makaratasi yote ya Delhi yakae kwenye simu yake na yako. Kuanzia wiki hii yeye ndiye ahesabu vidonge vilivyobaki na aseme vinakwisha lini. Wewe muulize mara moja kwa wiki, siku mtakayokubaliana, na siku nyingine sita ufunge mdomo. Najua ninachokutaka ni kigumu.

Mwambie pia habari hii, kama hajawahi kuisikia. Novemba 1998, katika jiji lilelile la Delhi, mtoto wa miezi 20 mwenye ugonjwa kama wake alipandikizwa kipande cha ini la baba yake. Ndiye mtoto wa kwanza nchini India ambaye upandikizaji wa ini ulifanikiwa. Amekua, amesomea udaktari, anatibu watu. Hakufika huko kwa kuacha dawa.

Dodoma yenyewe isikutishe. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko hukohuko na imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018. Figo si ini, lakini aliyepandikizwa figo naye hutumia takrolimasi, kwa hiyo madaktari na wafamasia wa pale wanaijua dawa hii na hatari zake. Daktari wenu aandike barua ya rufaa sasa, Zuhura aende kujitambulisha wiki ya kwanza ya chuo akiwa mzima, asisubiri kufika kwa mara ya kwanza akiwa na homa. Mambo ya bima yaulizeni mapema. Bima ya mzazi ina umri ambao mtoto hutolewa, na hamtaki kuligundua hilo dirishani. Siku ya safari dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye buti la basi. Na amchague mwenzake mmoja wa hosteli wa kumwambia ukweli, mmoja tu anatosha.

Homa ndiyo nataka uikazanie kuliko yote. Kwa wanafunzi wenzake, homa ni kwenda duka la dawa na kununua ya malaria. Kwa Zuhura homa ni kwenda hospitali siku hiyohiyo akapimwe, kwa kuwa dawa zinazolilinda ini zinaipunguza kinga yake, na malaria au maambukizi ya damu yanaweza kwenda mbio. Chandarua kila usiku. Mtu yeyote anayetaka kumwandikia dawa aambiwe kwanza, “Nimepandikizwa ini, natumia takrolimasi.” Erithromaisini na klarithromaisini za bakteria, na flukonazoli ya fangasi, hupandisha takrolimasi hadi kuumiza figo. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha mpaka ini linabaki wazi. Kwa maumivu ya hedhi, wasichana wa hosteli hupeana diklofenaki na ibuprofeni kama peremende. Asizipokee, figo zake tayari zina mzigo. Parasetamoli kwa kipimo sahihi inamtosha. Machungwa ya Muheza ale atakavyo, ila balungi na danzi aviache, navyo huvuruga takrolimasi. Maziwa yachemshwe, mishikaki iive. Pombe hapana. Jua la Dodoma ni kali na ngozi ya anayetumia dawa hizi hupata saratani kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kofia na mikono mirefu. Chanjo ya homa ya manjano asidungwe kwa kuwa ina virusi hai. Ya saratani ya shingo ya kizazi haina virusi hai, na ni muhimu kwake kuliko kwa wenzake. Shinikizo la damu, sukari na figo vipimwe kila mwaka hata kama anajisikia vizuri.

Kuhusu Ramadhani, kufunga kwa siri kunaniambia kwamba hakupata pa kuuliza. Saumu ya kwetu ni saa 13 na ushei, na dozi mbili zinaweza kukaa daku na futari. Kinachowapa madaktari wasiwasi ni kukauka maji, kwa sababu ya figo. Wapo waliopandikizwa ambao madaktari wao huwaruhusu, ini na figo zikiwa nzuri na kiwango kimetulia kwa muda mrefu. Kwa hali yake ya sasa, kiwango kikiwa kimetoka kushuka, sitarajii aruhusiwe. Lakini swali aliulize yeye, kabla ya mfungo, na akikatazwa aambiwe bila kuonewa huruma kwamba mgonjwa wa kudumu ana fidya, na kwamba kulisha maskini ni ibada kamili.

Ataolewa, atazaa? Hakuna kinachozuia, Mama Zuhura. Wanawake waliopandikizwa ini wanabeba mimba na kujifungua watoto wazima, na ugonjwa aliozaliwa nao kwa kawaida mama hamrithishi mtoto. Ila mimba yake lazima ipangwe na daktari, kwa kuwa ina hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu na ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Takrolimasi huendelea wakati wa ujauzito. Kama kwenye orodha yake kuna maikofenoleti, dawa nyingine ya kuzuia ini lisikataliwe, hiyo humdhuru mtoto tumboni, na daktari huibadilisha angalau wiki 6 kabla hajashika mimba. Unaona basi kwa nini nataka aingie kwa daktari bila wewe. Binti wa miaka 18 anayekwenda kuishi hosteli anapaswa kuyasikia haya sasa, pamoja na njia za kuzuia mimba, na hatauliza ukiwa umekaa pale. Nani aambiwe kuhusu kovu lake, mchumba au rafiki zake, ataamua mwenyewe. Kwa maoni yangu mchumba ajue kabla ya posa kukubaliwa, na aambiwe na Zuhura.

Limebaki lako, ambalo umeliandika kwa mstari mmoja ukasema si neno. Kovu linalovuta ukiinua ndoo baada ya miaka yote hii linaweza kuwa ngiri ya kwenye mshono, na waliotoa ini huipata. Usinyanyue ndoo zilizojaa mpaka uonwe. Nenda kwa daktari wa upasuaji mwezi huu, mwambie ulitoa sehemu ya ini mwaka gani, akupapase na ikibidi akupige picha ya tumbo. Tumbo likivimba ghafla pale kwenye kovu, likawa gumu na linauma, au ukaanza kutapika, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo. Zuhura akusindikize.